Risasi Juu ya Paa la Mzee Bogonko

Uholanzi, 11 Februari 2024

Kwako kaka Zack,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Janefer na watoto mko salama, na kwamba Mama Jerusa na Dolphine hawajambo huko nyumba ya chini. Mimi ni mzima, ila natamani ugali wa wimbi uliopikwa na mtu mwingine. Najua bado umeninunia kwa kutokuja kumzika Mzee. Simu yangu hushiki, basi nimeandika, na barua nimeipakia ndani ya sanduku la chupa ili usiweze kuikataa bila kukataa chupa pia.

Sasa neno lenyewe. Mafundi waliokuja Januari waliniambia sola zimekaa vizuri juu ya paa. Ziko za aina mbili, utazitambua kwa ukingo. Zenye ukingo wa kijani ni zile za kawaida za maabara yetu. Zenye ukingo mwekundu ndizo kazi yangu ya miaka yote hii: nimepunguza madini fulani mazito kwa nusu, nikatia bati mahali pake, na chini ya kioo nikalaza utando wa kunasa chochote kitakachovuja. Umeme wake unakaribia sana ule wa kijani. Hapa waliniambia kitu kama hicho hakiwezi kustahimili mvua. Nikawajibu, nipeni paa la Mogogosiek.

Kijani ziko upande wa kulia, nyekundu kushoto, kila upande na gata yake ya kuteremshia maji ya paa. Mvua kubwa ikinyesha, jaza chupa moja chini ya kila gata kabla maji hayajaingia kwenye tanki, andika tarehe na rangi, halafu mpe mwenye gari la vifurushi pale Kericho. Sanduku limelipiwa kwenda na kurudi.

Usiache kunisalimia Mama Jerusa.

Dada yako,
Lenah


Mogogosiek, 17 Machi 2024

Kwa Lenah,

Salamu zimefika. Sisi tupo. Janefer anasumbuliwa na mgongo, watoto wako bweni, ng'ombe wa madoa amezaa dume. Chai imechipuka sana mpaka kiwanda kimeshindwa, majani yanalala kituoni yakichemka ndani ya magunia.

Unasema nimenuna. Mimi nilichimba kaburi, nikalisha waombolezaji, nikawajibu wote walioniuliza binti wa Bogonko yuko wapi. Mtu mwenye kazi hiyo hapati nafasi ya kununa.

Taa ni nzuri. Nyumba inaonekana kutoka barabara ya kiwanda. Jerusa alimtuma Dolphine aje kuomba waya mmoja ufike kwake. Nikasema sola ni za wazungu, siwezi kugusa.

Kuna jambo unapaswa kujua. Jerusa anasema Mzee alimwachia shamba la chini, lote, hadi kwenye mto, na kwamba mchungaji alikuwepo akasikia. Mchungaji naye amekumbuka vivyo hivyo. Mama yetu Bilhah alikuwa hata hajakauka kaburini mwanamke huyu akaingia hapa na begi moja. Leo ana shamba. Nimemwambia arudi kwa dada yake kule Soin wakauze sukari nguru pamoja. Akaniambia, "Zack, mimi nina mtoto wa Bogonko. Nitampeleka wapi mtoto aliye kwao?"

Huyo mtoto ana miaka minne na maneno ya mzee wa kanisa. Akikukuta unakunywa chai anakuuliza kama imeombewa.

Chupa ni hizo.

Zack


Uholanzi, 21 Aprili 2024

Kaka Zack,

Nashukuru kwa habari za nyumbani, hata zile ulizoandika kwa kisu. Mwambie Janefer asiinue ndoo akiwa ameinama. Hapa maua yameanza kutoka na watu wote wamekuwa wapole ghafla.

Maji yako ni safi. Kijani safi, nyekundu safi. Wewe utafurahi, lakini profesa wangu hakufurahi. Kioo kikiwa kizima hakuna kinachovuja, na kisipovuja hakuna cha kulinganisha. Alitania kwamba tungemtuma mtu na nyundo. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Habari ya shamba sitaki kuingilia. Mzee alikuwa na akili zake. Ila waya mmoja, Zack, mpe. Dolphine ni dada yetu, ana pua ya Mzee.

Endelea na chupa.

Lenah


Mogogosiek, 9 Mei 2024

Lenah,

Salamu leo ni fupi maana hatuna furaha. Mvua ya mawe imetupiga. Ilishuka kutoka upande wa msitu, mawe makubwa kama mayai ya kienyeji, na ilipokwisha uwanja ulikuwa mweupe. Chai yangu imebaki vijiti. Kiwandani wanasema tusitarajie kuchuma kwa miezi. Ya Jerusa haikuguswa sana, ile mikaratusi ya bondeni iliikinga. Mungu naye ana wapendwa wake.

Sola karibu zote zimepasuka, za kijani na nyekundu, ila hazijaanguka. Maji ya kwanza kutoka gata ya kulia yalikuwa na rangi ya njano. Nimejaza chupa kama ulivyosema. Tanki limejaa hadi mdomoni, angalau maji ya kunywa hatutahangaikia.

Niambie mambo mawili. Nizishushe au niziache? Na ile njano ni nini?

Zack


Uholanzi, 30 Juni 2024

Kaka Zack mpendwa,

Pole sana kwa chai. Niliposoma barua yako niliona uwanja wote mbele ya macho yangu. Janefer anaendeleaje? Na watoto, wamefunga shule? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kulikuwa na mkutano, kisha mwingine, na kila mahali walitaka kusikia habari ya mvua yenu.

Usizishushe. Kila mvua chukua maji, hata ikiwa ndogo. Chupa za kijani zimepita kiwango cha madini yale kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa, tena mara nyingi kuliko tulivyobashiri. Zile nyekundu, zilizopasuka vilevile, zimepita kidogo tu. Utando umenasa, bati limefanya kazi yake. Zack, nilikaa sakafuni mwa maabara nikalia kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kuonyesha hivi kwenye paa la kweli, chini ya mawe ya kweli.

Sasa nisikilize. Yale madini niliyokutajia ni risasi, hiyo hiyo iliyomo kwenye betri za gari. Ile njano ndiyo. Inaumiza watu wazima polepole na watoto haraka, na huwaumiza kichwani. Msinywe tena maji ya tanki wala kupikia. Chota kwingine. Lakini gata ziache zilivyo, na sababu usimwambie mtu. Wa kaunti wakisikia watakuja kung'oa kila kitu na kazi yangu itanifia mikononi. Sema panya ameanguka ndani ya tanki.

Nakutumia sanduku lenye chupa nyingi zaidi.

Lenah


Mogogosiek, 28 Julai 2024

Lenah,

Tunakusalimu sote. Risasi niliyokuwa ninaijua mimi ni ya bunduki.

Mwenye gari la vifurushi aliniambia chupa za mvua ya mawe zilipokewa kwako Mei hiyo hiyo. Wewe unaandika mwisho wa Juni. Katikati hapo sisi tulikuwa tunakunywa. Janefer alikuwa anakunywa, watoto walikuja likizo fupi wakanywa. Sijakasirika. Nilitaka tu ujue kwamba nimeona.

Na nimeelewa kitu kingine. Uliweka sumu upande mmoja wa paa la baba yako ili watu waone kwamba upande wa pili hauna sumu sana. Bila kijani, nyekundu yako ingesifiwa kwa lipi?

Tumeacha tanki. Nimesema panya. Janefer anachota kwa Weldon, jirani wa juu, na mgongo wake huo huo. Hakuuliza panya yuko wapi. Napenda tunavyoandikiana hivi. Simu inakumbuka kila kitu. Karatasi inawasha moto jikoni.

Jerusa alienda kwa chifu, yeye na mchungaji. Chifu ameshika upande wao. Wamepanda miti kwenye mpaka.

Chupa ziko ndani.

Zack


Uholanzi, 18 Agosti 2024

Kaka,

Salamu. Nafurahi kwamba nyumbani mmeacha lile tanki. Naomba watoto wapelekwe kupimwa damu likizo hii, kwa jina lolote la ugonjwa utakalobuni.

Sitabishana na maneno yako kuhusu kijani. Ndivyo sayansi inavyofanywa. Kama kila kifaa cha aina hii duniani kitapunguziwa risasi, itakuwa ni kwa sababu mtu fulani alikubali kupima zote mbili mahali pamoja. Huko mbele watu ambao hawatatujua wataishi chini ya paa salama.

Barua yako haikusema Mama Jerusa anachota maji wapi.

Kuhusu chupa: tafadhali usitumie tena zile za soda ulizoongeza, zinaharibu vipimo. Tumia zangu tu, zisuuze mara moja kwa maji hayo hayo kabla ya kujaza, na uziweke mahali pa giza. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili na ya tatu.

Lenah


Mogogosiek, 8 Septemba 2024

Lenah,

Hatujambo. Chai imeanza kurudi, majani madogo.

Umeniuliza habari ya Jerusa kwa mstari mmoja, habari ya chupa kwa karatasi mbili. Nami nitajibu kwa kipimo hicho.

Jerusa anachota tankini kama zamani. Tanki halina kufuli. Alisikia habari ya panya, akasema panya hamuogopi, atachemsha. Na anachemsha kweli, moshi unatoka kwake asubuhi na jioni. Sijamkataza na sijamkaribisha. Hukuniandikia kama kuchemsha kunasaidia, basi niandikie.

Dolphine tumbo linamuuma na hataki kula. Alikuwa anajua nyimbo zote za watoto wa kanisa, sasa anaanza na kunyamaza katikati. Metrine, yule nesi wa zahanati, amempa dawa ya minyoo. Jerusa anasema kuna mtu amemfanyia kitu. Anataja Soin siku hizi, kwamba huko watu wana roho safi.

Akienda, shamba la chini litapata wa kulitunza.

Zack


Uholanzi, 17 Novemba 2024

Zack,

Sina salamu ndefu.

Kuchemsha hakusaidii. Risasi si kijidudu. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo yaliyochemshwa ni mabaya zaidi.

Najua utahesabu barua yako ilifika lini. Ilifika Septemba. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka ndani ya koti, na koti nikalitundika. Nilikuwa namalizia kuandika kazi, na nilijiambia nikijibu leo nitavurugika. Nina nambari ya simu ya Mama Jerusa. Nimeifungua mara nyingi. Nikimpigia ataniuliza, "Lenah mwanangu, umejua tangu lini?" Nami sijapata jibu la swali hilo ambalo naweza kulisema kwa sauti.

Lakini wewe huna hata udhuru wa kuwa mbali. Unaamka, unafungua mlango, unamwona mtoto akipita na kikombe. Hukumsukuma mtu, hukumtilia mtu kitu. Umekaa tu na kungoja tanki likumalizie kesi ya shamba. Mzee alikuwa akisema wewe ni mvivu. Hakujua ni kiasi gani.

Funga tanki. Mwambie leo. Sema ni mimi, kama unataka, sema ni kosa langu lote.

Kazi imekubaliwa kuchapishwa.

Lenah


Mogogosiek, 29 Desemba 2024

Kwako Lenah, msomi wetu,

Krismasi ilikuwa ya kimya. Watoto wamepimwa, daktari anasema wana kidogo, itashuka yenyewe. Janefer yuko salama. Hongera kwa kazi.

Barua yako ilinikuta nikitoka hospitali ya Kericho. Dolphine alianguka kanisani Jumapili kabla ya hapo, wakati wa sadaka. Alikakamaa kama mti, macho yakageuka, akatetemeka hadi kiatu kikatoka. Tulimbeba kwa pikapu ya Weldon. Jerusa alikaa nyuma naye, amemshika kichwa, na njia nzima alikuwa anamwambia mtoto majina ya vituo tunavyopita, Dolphine hapa ni hapa, Dolphine sasa tumefika pale.

Walilazwa. Damu ikapelekwa Nairobi, na majibu yaliporudi daktari alituita chumbani. Ni msichana mdogo kuliko wewe, mpole. Akasema, "Mama, huyu mtoto ana risasi nyingi sana mwilini. Nyumbani mnavunja betri? Kuna rangi ya zamani inayobambuka ukutani? Kuna karakana karibu?"

Jerusa akasema, "Hapana, daktari. Tunachuma chai tu. Mimi huyu hata maji namchemshia."

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe baba, unaweza kufikiria kitu? Nikimpa dawa kisha arudi kwenye kile kile kilichompa, nitakuwa nimefanya kazi bure. Chochote, hata kama ni kidogo."

Nilikuwa na jibu mdomoni, Lenah. Nilisikia ladha yake. Nikasema, "Labda ni vikombe. Kuna vikombe vya zamani vya marehemu mzee." Daktari akaandika vikombe. Jerusa alipofika nyumbani alivitupa vyote chooni, vile vya maua alivyonunuliwa na Mzee.

Mtoto anaishi. Uso wangu anaujua, jina langu halipati. Ukimwonyesha kijiko anauliza hiki ni nini, ukimwambia anafurahi, kisha anauliza tena. Mkono wa kushoto haushiki kitu. Daktari alisema dawa imetoa ilichoweza, na kilichokwisha haribika kichwani hakirudi.

Jerusa ameenda Soin. Alisema nyumba hii ina kitu na hataki mtoto alale hapa hata siku moja zaidi, na katika hilo hakukosea. Mimi ndiye niliyewapeleka stendi. Kabla hajapanda alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Zack, tulikuwa na maneno ya shamba, lakini uliacha kazi zako ukakaa nasi hospitali. Mungu ameona. Nitunzie chai mpaka mtoto apate nafuu."

Nikamwambia nitaitunza.

Nimeanza kuichuma. Ni chai nzuri, Mzee alikuwa anajua alichompa. Sola nimezishusha, nimezizika shimoni nyuma ya choo, kijani na nyekundu pamoja. Tanki nimelifungulia, maji yakateremka hadi mtoni.

Uliniita mvivu. Sawa. Lakini mimi nilisubiri shamba nikalipata, na wewe ulisubiri karatasi yako ukaipata. Tusigombane kama watu ambao mmoja wao ni mwema.

Chupa ya mwisho imo ndani. Ni ya tankini, siku nilipolifungua. Hukuiomba.

Zack


Uholanzi, 2 Machi 2025

Zack,

Nimepokea barua na chupa. Niliipima mwenyewe, jioni moja wenzangu walipotoka, na namba yake sikuiandika popote.

Kazi imetoka. Kampuni mbili zimeomba ule utando, na maabara imeamua kwamba sola za kijani hazitatengenezwa tena. Profesa aliinua glasi akasema kuanzia sasa hakuna atakayeweza kusema risasi haipunguziki. Ni kweli. Mwishoni mwa kazi kuna sentensi inayosema hakuna madhara kwa binadamu yaliyoripotiwa katika kipindi cha majaribio. Hiyo pia ni kweli, maana hakuna aliyeripoti. Niliiandika mwezi wa Septemba, barua yako ikiwa ndani ya koti. Kabla haijachapishwa walinirudishia niisome mara ya mwisho, Januari, barua yako ya Krismasi ikiwa mezani. Nikaiacha ilivyo.

Jumamosi nilimpigia Mama Jerusa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili yasinipotee. Alishika simu haraka, na aliposikia ni mimi alipiga kigelegele kidogo, kile cha mtu aliye peke yake. Aliniuliza kama nakula, kama baridi imepungua, kama nimepata mchumba. Alisema amesikia kwa mchungaji kwamba binti wa Bogonko ameandikwa gazetini Ulaya kwa sababu ya zile taa, na kwamba amewaambia watu wote wa Soin. Alisema, "Baba yako angekuwepo, angetembea kifua mbele." Mimi nimeshika karatasi yangu.

Kisha akasema, "Ngoja, nikupe mdogo wako. Siku hizi haongei sana, lakini anasikia. Mwambie neno moja tu, sauti yako atafurahi."

Nikasikia simu ikipokezwa. Nikasikia pumzi, karibu kabisa na sikio langu. Alikuwa anangoja. Kwa nyuma Mama Jerusa alikuwa anamwambia, "Ni Lenah. Sema Lenah. Le-nah."

Akajaribu. Alifika kwenye le, akakaa hapo, akarudia, akakaa tena hapo. Alikuwa na subira sana, Zack. Mimi ndiye nisiyekuwa nayo.

Nikauliza kama kumenyesha huko Soin.

Mama Jerusa alichukua simu akanijibu kwamba bado, jua ni kali, miwa inakauka, tuombe. Nikasema tuombe. Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii vizuri. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Nikakata.

Usinijibu.

Lenah